Damu Katika Kichupa

Msomaji, nataka kukusimulia kosa langu. Mwalimu hupenda kuyasimulia makosa ya wanafunzi wake, naye huyakumbuka moja moja kwa miaka mingi. Bali yake mwenyewe huyafunika kama mpishi afunikavyo chungu kilichounguza wali. Hili sikulifunika, kwa sababu aliyelipa gharama yake hakuwa mimi. Alilipa mama yangu.

Kwetu ni Ukambani, katika kijiji kilicho mbali na barabara ya lami. Mwaka 2019 mama alianza kulalamika kiu. Alikunywa maji, akanywa tena, na usiku aliamka mara nne au tano kwenda nje. Nguo zilianza kumpwaya. Majirani walisema ni uzee. Yeye mwenyewe alisema ni jua. Asubuhi moja, kabla hajatia kitu kinywani, nilimpeleka kwenye zahanati. Vipande vya kupimia sukari kwa tone la damu ya kidole vilikuwa vimekwisha, basi muuguzi alimtoa damu mkononi, akaitia katika kichupa, akaandika jina, akanikabidhi niipeleke maabara ya hospitali mjini, kwa kuwa nilikuwa nikielekea upande huo kazini. Ilikuwa saa mbili.

"Mwalimu," aliniambia, "vichupa vya kifuniko cha kijivu vimekwisha. Hiki ni cha kawaida. Usikawie nacho njiani."

Niliitikia kwa heshima, nikapanda pikipiki. Sikuuliza kifuniko cha kijivu kina siri gani. Nilidhani rangi ni rangi tu, kama rangi za madaftari.

Shule ninayofundisha iko kati ya kijiji na mji. Nilikusudia kupita tu, lakini kengele ilikuwa imelia na kidato cha pili walikuwa wakiningoja. Niliuweka mkoba chini ya meza, na kichupa kimo ndani yake, nikaanza somo. Na somo lenyewe lilikuwa nini? Lilikuwa upumuaji wa seli. Niliwaambia wanafunzi kwamba kila seli iliyo hai hula sukari ili ipate nguvu, mchana na usiku, bila ya kupumzika. Nilitia hamira katika maji ya sukari, nao wakayatazama mapovu yakipanda, wakafurahi. Baada ya somo palikuwa na mkutano wa walimu. Baada ya mkutano palikuwa na chakula. Baada ya chakula palikuwa na somo jingine. Nilifika maabara saa kumi alasiri, na mkoba wangu ulikuwa na joto kama mkate uliotoka tanuri.

Majibu yalitoka: milimoli 5.4 kwa lita. Mtu aliyefunga kula usiku kucha, akipatikana na milimoli 7 au zaidi, hushukiwa kuwa na kisukari, na kipimo hurudiwa ili kuhakikisha. Mama alikuwa chini sana ya mpaka huo. Tuliambiwa hana kisukari. Nilimshukuru Mungu, nikarudi nyumbani na habari njema, na mama akaendelea kunywa maji.

Miezi mitano baadaye alichomwa na mwiba mguuni. Kidonda kilikataa kupona. Tulipomfikisha hospitali safari hii, walimpima pale pale kitandani: milimoli 19. Mama aliokoka, lakini kidole kimoja cha mguu hakikuokoka. Nilipouliza imekuwaje mtu asiye na kisukari akawa nacho kwa kiasi kile, fundi wa maabara aliniuliza habari za kipimo cha kwanza. Nilimweleza yote: kichupa, mkoba, somo, mkutano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole: "Mwalimu, ile damu haikuwa imekufa. Ilikuwa ikila."

Maneno hayo machache yalinirudisha darasani, lakini safari hii nikiwa mwanafunzi. Ningependa ukae nami katika darasa hilo, maana nilichojifunza humo ni kikubwa kuliko kosa langu.

Damu inapotoka mwilini hujaa chembe nyekundu na chembe nyeupe, na zote ni hai. Katika kichupa cha kawaida damu huganda, lakini kuganda si kufa. Chembe nyekundu hazina njia nyingine ya kupata nguvu ila kuivunja sukari iitwayo glukosi; basi huivunja mishipani, na huivunja kichupani pia. Katika joto la chumba sukari ya damu iliyoachwa hivyo hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Chukua kalamu, msomaji, upige hesabu niliyoipiga mimi. Tuseme damu ilitoka ikiwa na milimoli 9, nayo ikapungua kwa asilimia 6 kila saa. Baada ya saa nne utapata milimoli 7. Baada ya saa nane utapata 5.5. Mgonjwa ameingia mkobani upande mmoja, na mtu mzima ametoka upande wa pili. Hakuna aliyemponya, sukari yake imeliwa njiani.

Je, kifuniko cha kijivu kina nini? Ndani ya kichupa chake mna unga mweupe kidogo, mchanganyiko wa chumvi mbili. Ya kwanza huwa oksaleti ya potasiamu, ambayo huikamata kalsiamu ya damu ili damu isigande. Ya pili ni sodiamu floraidi, na hii ndiyo tunayoitafuta. Kazi yake ni kukifunga mkono kimeng'enya kimoja ndani ya seli, kiitwacho enolasi. Kimeng'enya hicho kikifungwa mkono, ulaji wote wa sukari husimama.

Huenda ukauliza: kwa nini mmoja akizuiwa wote wasimame? Nitakujibu kwa mfano wa kwetu. Wakati wa kiangazi mito ya Ukambani hukauka, nasi huchimba visima katika mchanga. Kisima kikiwa kirefu, watu husimama ngazi kwa ngazi, wa chini akichota, akimpa wa juu yake, naye akimpa wa juu zaidi, mpaka ndoo ifike ukingoni. Seli nayo huivunja glukosi kwa mpango wa namna hiyo. Safari ina hatua kumi, na kila hatua ina kimeng'enya chake kilichoishika kazi moja tu. Glukosi yenye kaboni sita huingia chini; vipande viwili vya asidi piruviki, kila kimoja chenye kaboni tatu, hutokea juu; na katika safari hiyo seli hupata nguvu, ambayo huiweka akiba katika kitu kiitwacho ATP. Enolasi husimama katika ngazi ya tisa. Kazi yake ni kuondoa maji katika kipande kinachoifikia, ili kipande hicho kiweze kutoa nguvu yake katika ngazi ya kumi. Floraidi, ikishirikiana na fosfati, huishika magnesiamu ambayo enolasi haiwezi kufanya kazi bila yake. Basi wa tisa hukunja mikono, na ndoo hurundikana kwa wa nane.

Hapa, msomaji, ndipo penye jambo la kustaajabisha. Sisi leo twazihesabu hatua kumi kama tuhesabuvyo vidole, lakini nani aliyeingia ndani ya seli akaziona? Hakuna. Mtu aliyesimama nje aliona sukari ikiingia na kileo au asidi ikitoka, kama mpita njia aonaye ndoo zikitoka kisimani asijue chini mna watu wangapi. Njia moja kubwa iliyowawezesha wataalamu kuwahesabu watu wa kisimani ilikuwa kumzuia mmoja, kisha kutazama ni kitu gani kinarundikana. Sumu ndiyo iliyokuwa taa yao.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1897 na Eduard Buchner wa Ujerumani. Aliisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua maji yake, akaona kwamba maji hayo, yasiyo na seli nzima hata moja, yaliendelea kuigeuza sukari kuwa kileo. Basi kazi ile haikuwa muujiza wa uhai usioguswa. Ilikuwa kazi ya vitu vinavyoweza kutiwa katika chupa na kuchunguzwa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Baadaye wataalamu walianza kutia vizuizi katika maji ya hamira na ya misuli. Walipotia floraidi, waliona asidi zenye fosfati zikirundikana, zile zinazoingia mkononi mwa enolasi. Kutokana na lundo hilo, Gustav Embden wa Frankfurt alipanga katika miaka ya 1932 na 1933 ramani ya hatua za mwisho. Alikufa mwaka 1933 kabla ya kuiona ikikamilika. Mwaka 1934 Karl Lohmann na Otto Meyerhof walikitambua kimeng'enya chenyewe, enolasi. Na katika miaka ya 1941 na 1942 Otto Warburg na Walter Christian wa Berlin walikisafisha mpaka kikawa fuwele, wakaeleza jinsi floraidi inavyokifunga.

Ni kizuizi kingine, hata hivyo, kilichotoa funzo kubwa kuliko yote. Katika miaka ya 1920 watu wengi wenye elimu waliamini kwamba msuli hujikunja kwa sababu ya asidi laktiki inayozaliwa ndani yake. Walioijenga imani hiyo hawakuwa watu wadogo: Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani walikuwa wamegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yao juu ya misuli. Ndipo akatokea Einar Lundsgaard wa Copenhagen, Denmaki. Alikuwa akichunguza jambo jingine, athari za vitu vyenye madini ya ayodini mwilini, akawapa wanyama asidi ya iodoasetiki. Wanyama walikufa, na misuli yao ikakakamaa. Lakini alipoipima hakuikuta asidi laktiki. Akaendelea na uchunguzi, akaona kwamba msuli uliotiwa sumu hiyo uliweza kujikunja kwa muda bila ya kuzalisha asidi hiyo kabisa. Habari hizo alizitangaza mwaka 1930. Leo twajua kwamba sumu ile hukifunga kimeng'enya cha ngazi ya sita.

Pima uzito wa jambo hilo. Ikiwa msuli wajikunja pasipo asidi laktiki, basi asidi laktiki siyo inayoukunja. Kitu kimoja kidogo kilichozuiwa kimelibomoa jengo zima. Hill na Meyerhof wangeweza kumdharau kijana wa Denmaki. Walikuwa na tuzo, yeye hakuwa nayo. Hawakufanya hivyo. Waliukubali ushahidi, na mwaka 1932 Hill mwenyewe aliandika makala akayaita mabadiliko hayo mapinduzi. Nilipoyasoma haya niliona haya. Watu wale waliacha fikira iliyowapa sifa duniani kwa sababu kipimo kilisema vinginevyo; nami nilikipenda kipimo kilichosema nilichotaka kusikia, nisiulize kimetoka wapi. Mama alikuwa akinywa maji mbele ya macho yangu, na macho yangu niliyaamini kidogo kuliko karatasi.

Lakini usifikiri kwamba kizuizi ni kitu kikamilifu. Asidi ya iodoasetiki hukamata vimeng'enya vingine vingi pia, na mtafiti asipojihadhari atadhani amemzuia mtu mmoja kumbe amewazuia watano. Floraidi nayo ina udhaifu wake, na mfano wa kisima utakuonyesha. Wa tisa akikunja mikono, wa chini hajui mara moja. Huendelea kuchota na kupandisha. Tena, wachotaji wa chini hula nguvu inayotoka juu, maana hatua ya kwanza na ya tatu hutumia ATP. Huacha kuchota pale tu nguvu hiyo inapowaishia. Kwa hiyo hata katika kichupa cha kifuniko cha kijivu sukari huendelea kupungua kwa saa moja au mbili za kwanza, au zaidi kidogo, kisha hutulia. Ndiyo sababu maabara nyingine huiweka damu katika barafu na kuitenga upesi na chembe zake, na nyingine hutumia vichupa vyenye asidi sitriki, asidi ile iliyomo katika ndimu, ambayo huwazuia wachotaji wa chini tangu mwanzo. Kizuizi kizuri ni kile ambacho mtumiaji wake anajua kinazuia nini, wapi, na baada ya muda gani.

Jina la floraidi si geni kwako. Imo kwa kiasi kidogo katika dawa ya meno, nayo imo kwa kiasi kikubwa mno katika maji ya baadhi ya sehemu za Bonde la Ufa, ambako watoto wanaoyanywa meno yao yakiwa bado yanaumbika hupata meno yenye madoa ya kahawia. Kitu kile kile ni msaada kwa kiasi na madhara kwa wingi. Ukikutana na kichupa kile katika maabara, usiuguse unga wake wala kuuonja.

Wala kazi ya vizuizi haijawa hadithi ya kale. Warburg aliona katika miaka ya 1920 kwamba seli za uvimbe wa saratani hula glukosi kwa wingi na kuigeuza kuwa asidi laktiki hata pale penye hewa ya kutosha. Tangu hapo watafiti hutumia vizuizi kuuliza saratani inategemea ngazi ipi. Mwaka 2012 watafiti wa Houston, Texas, walieleza jambo la ajabu. Mwili una jeni zaidi ya moja za enolasi, na uvimbe fulani wa ubongo umepoteza moja, ukabaki ukiitegemea nyingine. Ukiizuia hiyo iliyobaki, seli za uvimbe hukosa mtu wa ngazi ya tisa zikafa, na seli nzima zenye zote mbili hudumu. Hiyo ni kazi ya maabara, si dawa ya dukani. Lakini waona jinsi swali lile lile la kale, nani akizuiwa nini hurundikana, lingali likizaa maswali mapya.

Sasa nirudi nyumbani. Mama yu hai, anatumia dawa zake kwa saa, na anatembea kwa viatu vipana nilivyomnunulia. Siku moja nilijipa moyo nikamweleza yote: kichupa, mkoba chini ya meza, na hamira niliyokuwa nikiwaonyesha watoto wa watu wakati damu yake ikifanya yale yale karibu na miguu yangu. Nilitazamia anikemee. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe, mwanangu, hata nilipokuwa nimelala nyumbani, damu yangu ilikuwa na njaa katika mkoba wako." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Siku ile nilikuwa na nta tele. Nililijua somo kiasi cha kulifundisha bila kitabu, lakini nililiacha ubaoni, halikunifuata hadi mkobani. Wewe uliye darasani leo utafundishwa mambo mengi ambayo yataonekana kuwa ya mtihani tu: majina magumu, hatua kumi, vimeng'enya visivyoonekana. Usiyadharau. Huenda mojawapo limo tayari katika mfuko wako, likifanya kazi yake kimya, nalo halitakungojea umalize mkutano.

Na mtu akikukabidhi kitu, akakwambia usikawie nacho, muulize kwa nini. Muuguzi yule alikuwa na jibu. Mimi sikumwuliza.